Mzee anataka kipya, mi nataka cha zamani

Baba mkubwa alikitua mezani kikiwa kimefungwa kwenye khanga iliyopauka, akafungua fundo taratibu, akarudi kukaa kwenye kochi akasema, "Nataka kiwe kama kimetoka dukani jana."

Ndani ya khanga kulikuwa na kitako cha bunduki. Mbao tupu. Mtutu na vyuma vyake vyote vilibaki mjini kwa fundi bunduki mwenye kibali, ndiye aliyekifungua na ndiye atakayekirudishia, na leseni mzee anatembea nayo kwenye pochi pamoja na kadi ya bima, hilo nalisema mapema maana najua mtauliza. Ni shotgani ya mtutu mmoja, ya Birmingham, iliyokuwa ya babu, mzee akafuata taratibu ikawa kwa jina lake zamani sana, na kazi yake maisha yote imekuwa kufukuza nguruwe pori na ngedere kwenye mihogo huko Kisarawe.

Mi kazi ya kuniletea ugali ni ya ofisini. Ila wikiendi nashinda Keko, nimekodi pembe kwenye karakana ya rafiki yangu, nakarabati viti vilivyolegea, makabati ya urithi, fremu za vioo, vitu vya namna hiyo. Ndo maana mzee alinifikiria.

Nikakichukua nikakigeuzageuza dirishani. Walnut, ile mbao wazungu waliyoipenda kwa bunduki kwa sababu ni ngumu ya kutosha, sio nzito sana, na ikishakauka haipindi ovyo. Sehemu ya kukamatia imekuwa nyeusi kabisa kwa jasho. Ubavuni kuna doa la kuungua, upana wa sarafu mbili. Vibonyeo kila mahali. Na shingoni, pale pembamba, mkato mmoja mrefu uliopita katikati ya vile vimstari vilivyopishana ambavyo vinachorwa ili mkono usiteleze.

Moyoni nikasema huyu mzee hajui alichonacho. Watu huko nje wanalipa hela ili kitu kionekane kimeishi, na chake kimeishi kweli, halafu anataka kifutwe.

Wiki nyingi nimezunguka na hilo swali. Kati yangu na yeye, nani alikuwa anakiona kile kitako vizuri?

## Keko ina jibu la haraka

Rafiki yangu, mwenye karakana, alikitupia jicho sekunde mbili. "Msasa, senidisila, puliza laka mara tatu, Jumatatu kinaondoka."

Hajakosea, na naomba mtu asije akadhani namdharau. Keko nzima inakula kwa laka. Kitanda cha mninga tano kwa sita kinapulizwa asubuhi, jioni kiko juu ya guta kinaelekea Kimara, mteja anafurahi kwa sababu kinang'aa mpaka taa ya sebuleni inajiona. Tina inaruka hewani, inayobaki ni ngozi ngumu juu ya mbao, kazi imeisha. Kwa kitanda ni sawa kabisa, kitanda hakiendi porini.

Kitako kinaenda porini. Kinashikwa na mikono yenye jasho, kinachubuliwa na matawi, kinalowa umande, kinaegemezwa kwenye mti, kinaanguka. Ile ngozi ikishapasuka sehemu moja maji yanapita, inaanza kuinuka pembeni, na kuirudishia kunataka fundi, kompresa na umeme. Mafuta ni habari nyingine. Yanaingia ndani ya mbao kisha yanagandia humo humo, kwa hiyo ukikwaruza unapaka tone pale pale palipokwaruzwa, unasugua kwa kiganja, umemaliza. Mzee anaweza kufanya mwenyewe chini ya mwembe.

Kuna jamaa pale karakanani akasema hayo ya mafuta ni mambo ya kizungu ya YouTube. Nikamuuliza mafundi wa majahazi pwani wanapaka nini kwenye mbao. Wanapaka sifa, mafuta ya papa, harufu yake ukipita Kunduchi au Bagamoyo huisahau, na chini ya maji wanapaka deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu. Hii pwani imelinda mbao zake kwa mafuta kabla hata ya hiyo laka kuzaliwa.

Akanyamaza. Ila ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa naongea sana kuliko kawaida, na mtu anayeongea sana anakuwa anajishawishi mwenyewe. Mzee hakuniomba mafuta. Aliniomba kiwe kipya.

## Mafuta gani sasa

Miaka yote mzee alikuwa anakipaka mafuta ya nazi. Nilipomuuliza kwa nini, akasema kwani ngozi tunapaka nini.

Jibu zuri, ila mbao haipati kitu humo zaidi ya kulowana. Kuna mafuta yanayoganda na kuna yasiyoganda, na hapo ndipo siri yote ilipo. Linsidi, yanayotoka kwenye mbegu za kitani, hayakauki kwa kuruka hewani kama tina au spiriti. Yanafanya kinyume, yanavuta oksijeni, chembe zake zinashikana moja na nyingine mpaka kilichokuwa kimiminika kinakuwa kigumu, na kikishakuwa hivyo hakirudi tena. Mafuta ya nazi hayana njaa hiyo ya oksijeni kabisa. Ukiyapaka leo yatabaki mafuta mpaka mwakani, yanakusanya vumbi tu. Alizeti yako katikati, yanaanza kuganda halafu yanaishia njiani, inabaki inanata kama ulimbo wa fenesi.

Mabaya zaidi ni mafuta ya bunduki yenyewe, yale ya kulainisha vyuma. Hayagandi pia, na bunduki ikiegemezwa ukutani mtutu juu, kitako chini, miaka na miaka, yanatiririka polepole mpaka kwenye kichwa cha kitako, pale mbao inapokutana na chuma, mbao inanyonya, inakuwa nyeusi, inalainika. Cha mzee kilikuwa kimefika huko. Ukibonyeza kwa kucha inaacha alama.

Kuyatoa ni kazi ya uvumilivu. Nilisaga chaki ikawa unga laini, nikakoroga na asetoni mpaka ikawa uji, nikapaka pale peusi, nikakiacha juani. Asetoni inaingia inayayeyusha mafuta, ikiwa inatoka inakuja nayo, chaki inayanyonya. Unga unaanza mweupe unamaliza wa kahawia. Unakung'uta, unapaka tena. Tena. Fanya nje, mbali na moto, mbali na wavuta sigara, hiyo kitu inashika moto kabla hujamaliza kuisoma lebo.

Mwili mzima niliusafisha kwa tapentaini na stiliwaya laini, vile vimstari vya shingoni kwa mswaki. Msasa sikugusa kwanza. Watu wanakimbilia msasa, na kwenye kitako msasa una hatari yake ambayo kwenye stuli haipo, kwamba yule aliyekitengeneza alihakikisha mbao na chuma vimelingana, ukipitisha kidole hushtuki. Ukisaga pale wanapokutana, mbao inazama, chuma kinabaki kimechomoza, na hakuna mafuta duniani yatakayoijaza. Kazi ya mtu aliyekufa zamani inaharibika kwa dakika moja ya papara.

Linsidi utayapata ya aina mbili. Mabichi yanakauka kwa mwendo wa mawingu, ndiyo yale wacheza kriketi wa Upanga wanapaka kwenye magongo yao, kwa hiyo ukikosa hadwea jaribu maduka ya vifaa vya michezo. Ya pili wanaita yaliyochemshwa, ambayo siku hizi hata hayajachemshwa, yametiwa tu dawa za kukausha zenye madini kama kobalti na manganizi. Haya ndo nilichukua. Wapo wanaoapa kwa mafuta ya tung, ya Kichina, yanazuia maji vizuri kuliko linsidi, na Wamarekani wana ile Tru-Oil ya Birchwood Casey ambayo ni mchanganyiko wenye linsidi ndani yake, inakauka haraka na ukirudia rudia inang'aa kweli.

Inang'aa kweli. Nilisoma hiyo nikasimama. Kumbe mzozo wangu wa mafuta dhidi ya mng'ao haukuwa mzozo, mafuta yanaweza kung'aa kama mwenye nayo anataka. Mi ndo nilikuwa sitaki.

## Kinachorudi na kisichorudi

Kabla ya mafuta kuna vibonyeo. Hapa ndipo sehemu ninayoipenda kuliko zote na ningeweza kuandika makala nzima.

Mbao ikigongwa na kitu butu, nyuzi zake hazikatiki. Zinakandamizwa. Bado zipo zote, zimelala tu. Ukiweka kitambaa kibichi juu yake ukagusa kwa pasi ya moto, mvuke unaingia, nyuzi zinavimba, zinainuka zenyewe. Sekunde chache, unatoa, unaangalia, unarudia. Nilikaa na pasi ya nguo ya nyumbani (wife alikuwa na maoni yake kuhusu hilo) na nikaona vibonyeo vya miaka arobaini na zaidi vinapotea mbele ya macho yangu, kimoja baada ya kingine, na hakuna mbao niliyoipunguza hata unywele.

Mkato hauji. Mkato nyuzi zimekatika, au zimeondoka kabisa, hakuna cha kuvimba. Unaweza kuupiga mvuke mpaka usiku, utapungua kidogo kingoni, basi.

Na ule mkato wa shingoni ulikuwa mahali pabaya. Shingo ndo sehemu dhaifu ya kitako chochote, ni nyembamba, inabeba kishindo chote cha risasi, vitako vingi vikivunjika vinavunjikia hapo. Kuusaga mpaka upotee maana yake kuikonda zaidi shingo, na kufuta vile vimstari vya kushikia. Hapo sikuhitaji kumuuliza mtu, mbao yenyewe ilishakataa. Unabaki.

Ikabaki alama ya kuungua. Hii haikuwa na kina, iko ubavuni, mbali na chuma, panene. Ningeweza kuitoa kirahisi. Na ningeweza kuiacha.

Nilitaka kuiacha. Nilikuwa nimeshaitungia hadithi kichwani, moto wa kambi, babu, usiku wa pori, sijui nini.

## Dunguni

Mzee akaja Keko mwenyewe siku moja, bila kusema, ametoka kliniki. Akakikuta kimetundikwa kwa kamba, hakina kitu, mbao imepauka baada ya kuoshwa, vibonyeo havipo. Akafurahi sana. Akapitisha kidole mpaka akafika kwenye lile doa.

"Hapa bado."

Nikaanza kumweleza. Baba mkubwa, hii ni historia, ukiitoa hairudi, hata wanaokusanya bunduki za zamani Ulaya hawafuti alama, kitu kinapoteza thamani, unajua. Nilikuwa na hoja zote, na zilikuwa za kweli. Wakusanyaji ndivyo wanavyosema.

Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa subira. Halafu akavuta stuli.

Alikuwa mdogo, la tano au la sita hivi. Mihogo ikikaribia kuvunwa babu alikuwa anampeleka kulala dunguni, lile jukwaa la miti la kulindia shamba, maana nguruwe wakiingia usiku mmoja wanamaliza chakula cha miezi. Babu anazunguka mipakani kwa miguu, akirudi kupumzika anaegemeza bunduki pale juu, na kazi ya mtoto ni kulinda kibatari kisizimike na kupiga debe akisikia mchakacho. Usiku mmoja babu akiwa ameteremka, amemwachia na bunduki imeegemezwa, usingizi ukamchukua. Kibatari kikalala ubavuni mwa kitako. Alipoamka mbao inafuka moshi, na chini nguruwe walikuwa wameshaingia.

"Nilichapwa," akasema. "We unaona historia. Mi hapo naona usingizi."

Fundi mwenye karakana alikuwa amesimamisha msumeno anasikiliza.

Sikuwa na la kujibu, na kilichoninyamazisha zaidi ni jambo ambalo mzee hakulisema na wala sidhani alilikusudia. Baba yangu ni mdogo wake. Baba hakulala dunguni, alikuwa mdogo mno, analala nyumbani, asubuhi anaenda shule akiwa na akili zake zote. Baba ndo alifaulu. Baba ndo alikuja Dar, akapata kazi, na mi nikazaliwa Temeke, nikasoma, nikapata ofisi yenye kiyoyozi na wikiendi za kuja Keko kupendapenda mbao za zamani.

Yaani mtu ambaye usiku wa wengine ulimlipia ada ndo anakaa anamwelezea mwenye usiku wake uzuri wa ile alama.

Simaanishi kwamba alama za zamani ni ujinga. Bado nazipenda, na nikiletewa kabati la mtu ambaye hayupo tena duniani nitaendelea kusita kabla ya kusaga. Ila naona kuna tofauti kati ya alama ambayo mwenyewe amekufa na alama ambayo mwenyewe amekaa kwenye stuli mbele yako, anakuambia itoe. Kwenye hii ya pili sijui haki yangu ya kubisha inatoka wapi. Hela si yangu, mbao si yangu, kiboko hakikunipiga mimi.

Sasa ukisema hivyo mpaka mwisho, basi mteja akitaka rangi ya gari kwenye mlango wa mvule wa bibi yake unampulizia tu. Hapo nakwama. Sijalimaliza hilo na sitajifanya nimelimaliza.

## Kipande cha kioo

Doa nililitoa kwa kioo. Mafundi wa zamani wanajua, unavunja kioo cha dirisha, unachagua kipande chenye ukingo mzuri, unakwangua kwa kukivuta, kinatoa maganda membamba kuliko msasa wowote na unaona unachofanya. Mzee alikaa pale pale akaangalia mpaka weusi ukaisha. Chini yake mbao ilikuwa nyepesi kidogo kuliko majirani zake. Akauliza kama patajulikana. Nikamwambia mwanzoni kidogo, ila linsidi yenyewe inakolea rangi mwaka hadi mwaka, itakuja kulingana.

Baada ya hapo ndo msasa, laini kwa laini, 220 halafu 320, daima kufuata nyuzi, na kule karibu na chuma sikugusa. Katikati unailowesha mbao kwa kitambaa chenye maji, vinyweleo vinasimama, ikikauka unavikata kwa msasa, unarudia mpaka visisimame tena. Usipofanya hivyo vitakuja kusimama siku ya kwanza ya mvua, kitako kina ndevu.

Kuhusu mng'ao nilitafuta njia inayopatikana hapa hapa mjini: linsidi sehemu moja, vanishi ya mafuta sehemu moja, tapentaini sehemu moja. Tapentaini inayapeleka ndani, linsidi inashibisha mbao, vanishi inaleta ugumu na ule mwanga mzee anaoutaka. Mkono wa kwanza nilisugua pamoja na msasa 400 uliolowa mafuta, ule unga wa mbao unachanganyika na mafuta unakuwa tope, unaingia kwenye vitundu na kuviziba, unaacha ukauke. Baada ya hapo ni matone tu. Unapaka, unasubiri robo saa, unafuta yote. Yote. Kinachobaki kwenye uso hakilindi kitu, kinanata tu. Waingereza wa bunduki ghali wao wanaloweka mzizi wa alkaneti kwenye mafuta unatoa wekundu mzuri sana, mi sikuwa nao na mzee hakuomba wekundu.

Na masika yalikuwa yameingia. Unyevu wa Dar unauchelewesha ukaukaji vibaya mno, kitu kinachoandikwa kwenye kopo kwamba kesho utapaka tena, hapa kesho unagusa bado kinashika kidole. Nilikuwa nakileta nyumbani nakitundika kwenye dirisha lenye upepo, mchana jua likitoka nakitoa nje. Kipimo changu ni pua. Kama bado kinanukia mafuta, bado kinakunywa hewa, niache.

## Kabla sijasahau matambara

Hili nililisema Keko wakanicheka, basi nalirudia. Linsidi yakivuta oksijeni yanatoa joto. Kwenye mbao joto hilo halisikiki, linapotea hewani. Kwenye tambara lililokunjwa likatupwa kwenye pipa halina pa kwenda. Linajikusanya, joto linaharakisha ugandaji, ugandaji unaongeza joto, na tambara linawaka lenyewe. Hakuna kiberiti, hakuna waya.

Tarehe 23 Februari 1991 huko Philadelphia, jengo la One Meridian Plaza, ghorofa 38, liliwaka kuanzia ghorofa ya 22 kwa matambara ya linsidi yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wanakarabati mbao za ukutani. Wazimamoto watatu walikufa. Moto ulikuja kusimama ghorofa ya 30 kwa sababu kule kulikuwa na mitambo ya kumwaga maji darini.

Sasa fikiria Keko, makopo ya tina, vumbi la mbao mpaka magotini, vibanda vya mabanzi vimegusana. Karakana zikiungua hapa mjini wote tunasema shoti ya umeme, na nyingi zitakuwa ndiyo kweli, ila ukitumia linsidi tandaza tambara moja moja juani mpaka likauke liwe gumu, au lizamishe kwenye kopo la maji lenye mfuniko. Rafiki yangu sasa ana kamba ya kuanikia. Bado anacheka, lakini anaanika.

## Mbona hakijang'aa sana

Nilipompelekea, mzee alikishika, akakigeuza, akaniambia, "Mbona hakijang'aa sana."

Kilikuwa kinang'aa. Nimeona vitako vya namna hiyo vimeachwa vimefubaa kwa makusudi. Nikamweleza kwamba hiki kinaongezeka, tone moja, kiganja, sugua mpaka kiganja kipate moto, acha siku kadhaa, rudia, na kila ukirudia mwanga unapanda. Akasema lete hiyo chupa basi.

Nikampa nusu ya mchanganyiko kwenye chupa ya asali. Fundi bunduki akarudishia vyuma, akasema mbao na chuma bado vinalingana, na mi hiyo ndo sifa pekee niliyokuwa naisubiri kwenye kazi nzima.

Kama mnavyowajua wazee, tone moja kwake ni kijiko. Kikanata. Nikapigiwa simu saa moja asubuhi kwamba dawa yangu mbovu. Nikamwambia achukue tapentaini kwenye kitambaa afute ile inayonata, aache, halafu aanze na tone kweli. Alifanya mwenyewe, hakuja mjini, hakulipa mtu, na safari iliyofuata nilipoenda Kisarawe nilikikuta kina mwanga ambao mimi nisingekipa. Kimezidi, kwa macho yangu. Yeye anakiona bado kidogo.

Pale palipokuwa na doa nilipatafuta na kidole, nikapapata kwa sababu nilijua pa kutafuta. Mzee hakuwa anaangalia huko kabisa, alikuwa anataka kujua kama chupa ile inafaa na kwenye mpini wa jembe.

Inafaa, nikamwambia. Ila tambara uanike.